Sanduku la Makufuli Matatu: Mwongozo Kamili wa Kikundi Kinachomwachia Mwanamke Uamuzi Wake

Mwanamke anaweza kukopa mara nne kwa mwaka, akarejesha kila senti, akapigiwa makofi mkutanoni kwa uaminifu wake, na bado asiwe amewezeshwa hata chembe. Alichukua fedha, akazifikisha nyumbani, mwingine akapanga matumizi, yeye akabaki kuhangaika na marejesho. Silisemi kwa kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu Bangladesh ulikuta kwamba sehemu kubwa ya mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanawake ilikuwa mikononi mwa wanaume wa kaya zao. Deni lilikuwa la mke, uamuzi ulikuwa wa mume.

Nimekuwa katibu wa vikundi kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona likirudiwa ni kuanza na swali la mtaji: tutapata wapi fedha? Mimi nitaanzia kwingine. Kila utaratibu mnaouweka, kuanzia bei ya hisa (kipimo cha akiba ambacho mwanachama hununua mkutanoni) hadi nani anashika ufunguo wa sanduku la fedha, upimeni kwa swali moja: tukishapitisha hili, uamuzi unabaki kwa nani?

Matarajio nayo yawe ya kweli. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa vikundi vya kuweka na kukopa katika Ghana, Malawi na Uganda. Biashara za kaya zilipata nafuu, na wanawake walipata nguvu zaidi katika maamuzi. Matumizi ya kaya, kwa wastani, hayakuongezeka. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kikundi kitawatoa kwenye umaskini ndani ya mwaka mmoja, msikilizeni kwa adabu kisha mwendelee na mkutano.

Kwanza, jueni mnaanzisha kitu gani

Neno "kikundi" hubeba mambo mengi, na watu hugombana kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake kichwani.

Upatu ndio mwepesi kuliko yote. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anapokea chote, zamu inazunguka. Hauhitaji vitabu wala sanduku. Udhaifu wake ni kwamba zamu haijui shida: mtoto anaugua mwezi wa pili, zamu yako ni mwezi wa kumi. Halafu wa mwisho kupokea amewakopesha wenzake wote bila faida, na ndiye anayeumia watu wakikimbia.

Kikundi cha kuweka na kukopa kilizaliwa ili kuziba pengo hilo. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake ambao tayari walikuwa wanacheza upatu. Badala ya wote kutoa sawa, kila mmoja akaweka kadiri ya uwezo wake, fedha zikakopeshwa humohumo ndani, na mwisho wa mzunguko kila mtu akapata mgao wake pamoja na faida. Hakuna fedha kutoka nje. Muundo huo umeenea nchi nyingi tangu wakati huo. India ilichukua njia nyingine: mwaka 1992 benki ya maendeleo ya vijijini, NABARD, ilianza majaribio ya kuunganisha vikundi 500 na benki, na huko akiba kwa kawaida haigawanywi kila mwaka bali inaendelea kukua.

Kuna pia vikundi ambavyo kiini chake si fedha. Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, wanawake walikutana kila mwezi na mwezeshaji mmoja wa hapohapo kijijini kujadili ujauzito, uzazi na watoto wachanga, wakapanga wenyewe la kufanya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa takriban 30% vikilinganishwa na maeneo yasiyokuwa na vikundi hivyo. Mazungumzo tu, yaliyopangwa vizuri.

Ushauri wangu: anzeni na kuweka na kukopa, kwa sababu fedha ndiyo inayowafanya watu wafike mkutanoni kwa wakati. Mazungumzo yapandikizeni juu yake. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inafuata mkondo huo.

Hatua ya 1: Watu

Wanachama 15 hadi 25. Chini ya hapo mfuko unakuwa mdogo mno wa kukopeshana, juu ya hapo mkutano unachukua nusu siku na watu wanaanza kutoroka.

Wachaguane wenyewe. Kiongozi wa mtaa au mfadhili akileta orodha, ikataeni kwa upole, maana waliochaguliwa na mtu mwingine huwajibika kwake. Jaribio ninalolipenda ni kumuuliza kila mwanamke faraghani: kati ya hawa, yupi ungemwachia ufunguo wako wa nyumba kwa wiki moja? Majina yanayojirudia ndiyo msingi wa kikundi. Msijaze ndugu wa familia moja, kwa sababu siku ya kura au siku ya deni watasimama upande mmoja.

Mwanamke mwenye kipato kidogo kuliko wote ndiye wa kuangaliwa hapa. Vikundi vingi vinamfukuza bila kumfukuza: wanapanga hisa ya bei asiyoiweza, naye anasema tu kwamba hana nafasi. Bei ya hisa moja iwe ile ambayo yeye anaiweza katika wiki mbaya. Wenye nacho watanunua hisa tano, hawapungukiwi kitu.

Je, wanaume waingie? Kwa mzunguko wa kwanza nasema hapana. Si kwa chuki, bali nimeona mara nyingi mno mkutano wa wanawake 18 na wanaume wanne ambapo wanne ndio wanaozungumza. Kama mazingira yanalazimisha mchanganyiko, katiba itamke kwamba uenyekiti, utunzaji wa sanduku la fedha na funguo zake zote tatu ni za wanawake.

Hatua ya 2: Katiba

Iandikwe kwa lugha mnayozungumza, karatasi moja mbele na nyuma, isomwe kwa sauti hadi asiyejua kusoma aweze kuirudia. Katiba ya kunakili kutoka kikundi kingine ni ugonjwa. Nilishawahi kukuta katiba iliyotaja wajumbe wa bodi katika kikundi kisicho na bodi.

Mambo ya kawaida yanaamuliwa haraka: jina, siku na saa ya mkutano, bei ya hisa, kikomo cha hisa kwa mkutano, faini za kuchelewa, urefu wa mzunguko. Mzunguko wa miezi 9 hadi 12 unatosha. Kikomo cha hisa tano kwa mkutano nacho kisichukuliwe kirahisi. Bila kikomo, wenye fedha wawili watamiliki nusu ya mfuko, na siku hiyo mkutano utakuwa wao.

Kaeni zaidi kwenye vipengele ambavyo watu hawapendi kuvitaja.

Kifo cha mwanachama. Akiba yake inakwenda kwa nani? Msiandike "familia". Kila mwanamke ataje jina la mtu mmoja, yeye mwenyewe, na jina liandikwe kwenye kitabu chake na kufunuliwa tu ikihitajika. Nimeona mikono ikitetemeka kwenye kipengele hiki, kwa sababu kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa mali yao waipeleke wapi.

Siri. Kiasi alichoweka mwanachama hakitajwi nje ya mkutano, hata kwa mume anayekuja kuuliza kwa heshima. Jibu la kiongozi ni moja: "Mwulize mwenyewe." Mwanamke anaweza kuamua kumwambia mumewe kila kitu, na wengi hufanya hivyo. Ila aamue yeye.

Kuwakilishwa. Mtu mwingine anaweza kuleta fedha za hisa ikiwa mwanachama anaumwa, lakini mkopo hauchukuliwi na mwakilishi kamwe. Mwenye jina afike, aombe kwa mdomo wake, apokee kwa mkono wake.

Kushindwa kulipa. Hapa nina msimamo mkali. Vipo vikundi vinavyokwenda nyumbani kwa mwenzao kubeba vyombo na godoro. Anayefanya hivyo asijiite mwezeshaji wa wanawake, ni mtoza deni aliyevaa sare. Andikeni kwamba deni linakatwa kwenye hisa za mkopaji na, mwisho wa mzunguko, kwenye mgao wake, na kwamba hakuna mtu atakayekwenda mlangoni kwake. Ndiyo sababu mkopo unawekewa kikomo kinachoendana na akiba ya mtu.

Hatua ya 3: Viongozi na funguo

Mnahitaji watu watano: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku, na wahesabu fedha wawili. Kisha watunza funguo watatu, ambao wasiwe miongoni mwa hao watano. Sanduku lina makufuli matatu na kila ufunguo unalala nyumba tofauti, mbali na sanduku lenyewe. Mtunza sanduku analo sanduku ila hana ufunguo hata mmoja. Watu hufikiri hii ni kinga dhidi ya mwizi wa nje. Kwa sehemu ndogo, ndiyo. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtunza sanduku dhidi ya jamaa zake. Shemeji akija usiku na shida yake, mwanamke anaweza kusema kweli tupu: "Siwezi kulifungua, hata nikitaka."

Kura iwe ya siri hata kama nusu ya wanachama hawajui kusoma. Wagombea wanasimama wakiwa wameupa mkutano mgongo. Nyuma ya kila mmoja kuna mfuko wa rangi yake. Wapiga kura wanapita mmoja mmoja nyuma ya pazia na kudondosha kokoto kwenye mfuko wa wanayemtaka. Pazia linaweza kuwa kanga iliyofungwa kwenye kamba. Kupiga kura kwa kunyoosha mikono huwa kunampa kura mwenye sauti kubwa au mwenye nyumba mnayokutania.

Katibu lazima ajue kusoma na hesabu. Mwenyekiti si lazima. Mmoja wa wenyeviti wazuri niliowahi kufanya nao kazi hakujua kuandika jina lake, lakini alikuwa na kichwa kilichokumbuka kila deni na ulimi ambao haukumuogopa mtu.

Uongozi usizidi mizunguko miwili mfululizo.

Hatua ya 4: Mkutano wenyewe

Huu ndio moyo wa jambo zima, nami nitauelezea pole pole.

Wanachama wanakaa kwa namba, 1 hadi 20, kwa nusu duara, sanduku likiwa katikati. Kila mmoja anajua namba yake na jirani zake, hivyo pengo linaonekana mara moja. Watunza funguo wanaitwa, kila mmoja anafungua kufuli lake na kurudi kukaa. Kabla sanduku halijafunuliwa, mwenyekiti anauliza, "Mara iliyopita tulifunga na kiasi gani?" Wanajibu kwa kichwa, pamoja. Ndipo wahesabu wanahesabu kwa sauti, noti kwa noti. Kiasi kikilingana na kumbukumbu ya mkutano, kazi inaanza. Kisipolingana, hakuna kinachoendelea hadi kijulikane kimekwenda wapi.

Kumbukumbu hiyo ya pamoja ndiyo ukaguzi wa hesabu kwa watu wasiosoma. Katibu anaweza kuchezea daftari, ila hawezi kuchezea vichwa ishirini.

Kisha hisa. Namba moja anainuka, anakabidhi fedha kwa wahesabu, wanasema "hisa tatu", katibu anagonga mihuri mitatu kwenye kitabu chake na kumrudishia akague. Angalieni wanavyokagua: wasiosoma hupitisha kidole juu ya mihuri mmoja mmoja. Kwa kuwa kikomo ni hisa tano, visanduku viwili vilivyobaki wazi kwenye mstari wa siku hiyo kitabuni vinapigiwa mstari kwa kalamu.

Mstari huo niliudharau katika mwaka wangu wa kwanza, na vitabu tulikuwa tunaviruhusu vilale majumbani. Mwezi wa tano, kitabu kimoja kilirudi kikiwa na mihuri miwili zaidi ya daftari langu. Mwenye kitabu alikula kiapo, mimi nikaapa pia, na hapakuwa na njia ya kujua nani mkweli. Kikundi kililipa zile hisa mbili ili kuepusha mpasuko, lakini mpasuko ulibaki kwa miezi. Tangu siku ile vitabu hulala sandukuni pamoja na mhuri, na nafasi tupu hupigwa mstari mbele ya mwenyewe.

Baada ya hisa unafuata mfuko wa jamii, nitakaoueleza katika Hatua ya 6, kisha marejesho, kisha maombi ya mikopo. Mwisho kiasi kinatangazwa, wote wanakirudia kwa sauti, sanduku linafungwa. Fedha isiyopita mbele ya duara haipo. Mtu akimfuata mtunza sanduku njiani na kumwambia "nipokelee hii, nitakuwa safarini", jibu ni hapana, hata akiwa dada yake.

Jambo dogo lenye uzito: wekeni saa ya mkutano kwa kufuata ratiba za wanawake wenye watoto wadogo, na mtu mmoja kwa zamu aangalie watoto kando. Mama anayemnyamazisha mtoto muda wote hasikii hesabu, na asiyesikia hesabu hana mkutano.

Hatua ya 5: Mikopo

Subirini wiki nne au zaidi ili mfuko ujae kidogo ndipo mkopo wa kwanza utoke. Kikomo kinachotumika sana ni mara tatu ya akiba ya mwombaji, kurejesha ndani ya miezi mitatu.

Riba ni fedha yenu wenyewe inayorudi kwenu wakati wa mgao, lakini namna ya kuihesabu si jambo dogo. Chukueni mkopo wa 3,000 kwa miezi mitatu, riba 5% kwa mwezi. Mkiihesabu juu ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, mkopaji analipa 150 mara tatu, yaani 450. Mkiihesabu juu ya deni lililobaki, huku akirejesha 1,000 kila mwezi, analipa 150, kisha 100, kisha 50, jumla 300. Maneno ni yaleyale, "asilimia tano", na tofauti ni nusu tena ya riba. Wanaokopa mara nyingi huwa ndio wenye uhitaji, na wanaoweka bila kukopa huwa ndio wenye nafuu. Kwa hiyo hesabu ya kwanza inahamisha fedha kutoka kwa maskini wa kikundi kwenda kwa wenzao wenye uwezo. Mimi huchagua ya pili, ingawa inamtaka katibu awe makini zaidi.

Sasa lile swali letu la uamuzi. Msiulize hadharani, "Hii fedha ni ya mumeo?" Swali hilo linaaibisha na linafundisha uongo. Waulizeni wote, bila kumruka mtu, maswali mawili yaleyale: utarejesha kutoka kwenye mapato gani, na mapato hayo yanapita mikononi mwa nani? Mwanamke akisema, "Nitalipa kutoka kwenye cherehani yangu, na wateja wananilipa mimi," mkutano unaelewa. Akisema, "Atanipa," mkutano unaelewa pia. Si lazima mkopo ukataliwe, maana kaya nyingine zinashirikiana vizuri kabisa. Lakini mmojawapo atamnong'oneza aanze na kiasi anachoweza kukilipa mwenyewe ikiwa huyo wa kutoa hatatoa.

Ombi dogo likiwa na mpango wazi litangulie kubwa lisilo na mpango. Viongozi wakope mwisho.

Hatua ya 6: Mfuko wa jamii

Kila mkutano kila mtu anatoa kiasi kidogo kilicho sawa, kinahifadhiwa kwenye kitambaa chake chenye fundo, mbali na fedha za hisa. Huu ni wa ugonjwa, msiba na dharura. Amueni mapema ni kipi kinasaidiwa kama zawadi na kipi kama mkopo usio na riba. Hauingii kwenye mgao. Basi.

Hatua ya 7: Nusu saa ya mazungumzo

Vikundi vingi hufunga sanduku na kutawanyika. Mnaondoka na nusu ya faida.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Limpopo, Afrika Kusini, katika mpango uliojulikana kama IMAGE. Wanawake walipata mikopo midogo na, katika mikutano ileile, mfululizo wa vipindi kuhusu jinsia, mahusiano na VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha hatari ya kufanyiwa ukatili na mwenza ilipungua kwa 55%. Watafiti walipolinganisha baadaye na wanawake waliopata mikopo peke yake, hao nao walipiga hatua kiuchumi, lakini mabadiliko ya nguvu ya uamuzi na ukatili hayakuonekana kwa uthabiti uleule. Fedha bila mazungumzo iliongeza fedha.

Namna ya kuendesha: mada moja kwa mwezi, mwezeshaji ni mwanachama kwa zamu, na kazi yake ni kuuliza. Nani anaamua binti aache shule? Hati ya nyumba ina jina la nani, na umeiona kwa macho yako? Ukiugua wiki mbili, nani anajua unavyodai na unavyodaiwa? Mgeni aliyealikwa, muuguzi au mwanasheria, apewe dakika kumi na tano kisha aulizwe maswali. Akitaka kuhutubia saa nzima, mshukuruni na msimwite tena.

Mwanachama akifichua kwamba anapigwa nyumbani, kuna mambo ambayo hamtayafanya: hamtamwendea mume kwa pamoja, hamtamwambia avumilie, hamtalijadili mbele ya wote bila ridhaa yake. Hasira ya mume aliyefedheheshwa hupokelewa na mke usiku huohuo. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, amweleze huduma zilizopo za afya, sheria na makazi salama, na mfuko wa jamii utoe nauli bila sababu kuandikwa daftarini. Kwa hiyo namba na anwani za huduma hizo zitafuteni mwezi wa kwanza, kabla hazijahitajika.

Waume je? Waiteni mara moja, mapema, muwaeleze taratibu. Uvumi ndio unaowasha moto. Mwanamume anayejua kwamba sanduku lina makufuli matatu na kwamba fedha zitagawanywa mwezi fulani hutulia kuliko anayesikia tu kwamba mkewe "anakwenda kwa wenzake". Mweleweshe utaratibu, usimpe hesabu ya mkewe.

Hatua ya 8: Simu, benki na fedha za nje

Sanduku likianza kujaa kiasi cha kuogopesha, fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na hati ya kila mwezi isomwe kwa sauti. Mkitumia fedha za simu, laini iwe ya kikundi, na namba ya siri igawanywe: kila mmoja kati ya watatu anajua tarakimu zake peke yake. Na kabla ya kupeleka marejesho yote kwenye simu, ulizeni wangapi wana simu ambayo hakuna mwingine anayeishika. Jibu la kweli hushangaza.

Mikopo ya nje iogopeni hadi mmemaliza angalau mgao mmoja, na hata hapo isizidi akiba yenu wenyewe. Huko Andhra Pradesh, India, kampuni nyingi za mikopo midogo ziligombea wanawake walewale, mtu mmoja akawa na madeni matatu au manne, akikopa huku ili alipe kule, na mwaka 2010 mambo yaliharibika kiasi kwamba serikali ya jimbo ililazimika kuingilia kwa sheria. Afisa mikopo anayekuja na tabasamu hupimwa kwa idadi ya mikopo aliyotoa. Ninyi mnapimwa kwa kulala usingizi.

Kuna njia ndefu zaidi, yenye heshima zaidi. Mwaka 1974 huko Ahmedabad, India, wanawake 4,000 wanachama wa chama cha SEWA, wachuuzi na wafanyakazi wa kujiajiri, walichanga rupia 10 kila mmoja wakaanzisha benki yao ya ushirika. Benki zilizokuwepo zilikuwa hazina haja na wateja wa aina yao. Vikundi vyenu vikifika vitano au kumi katika eneo moja, fikirieni muungano wa namna hiyo.

Hatua ya 9: Mgao

Wiki nne kabla, mikopo yote iwe imerejeshwa. Siku yenyewe kila kitu kinamwagwa juu ya mkeka na kuhesabiwa.

Hesabu ni hii. Tuseme hisa zote zilizonunuliwa ni 1,840, kila moja kwa 100, yaani 184,000. Riba na faini zimeleta 29,440. Jumla ni 213,440. Gawanyeni kwa 1,840, hisa moja sasa ni 116. Mwenye hisa 120 aliweka 12,000, anapokea 13,920. Fanyeni hesabu hiyo kwenye ubao mkubwa, polepole, mara mbili, na mtu wa pili airudie kwa kikokotoo. Kisha muiteni kila mmoja kwa namba yake apokee mwenyewe.

Siku ya mgao ni siku ya hatari njiani na nyumbani. Tarehe isitangazwe nje, na kila mwanamke aseme wiki moja kabla, kwa mdomo, anakusudia kufanya nini na sehemu kubwa ya fedha yake. Kusema mbele ya wenzake humpa kisingizio kizuri akifuatwa: "Nilishaahidi kikundi." Anayetaka anaweza kuomba wenzake wawili waende naye moja kwa moja kununua alichokusudia.

Siku hiyohiyo rudieni maswali matatu ambayo mlipaswa kuyauliza katika mkutano wa kwanza, kwa kokoto za siri, nyeupe kwa ndiyo na nyeusi kwa hapana. Je, katika mwezi uliopita ulishiriki kuamua matumizi makubwa ya kaya? Je, umewahi kusema mbele ya mkutano wa hadhara usio wa kikundi hiki? Je, una fedha au mali ambayo hakuna anayeweza kuichukua bila kukuuliza? Andikeni idadi ya kokoto nyeupe kila mara. Mfuko ukiwa umeongezeka maradufu na kokoto nyeupe zimebaki zilezile, rudini kwenye katiba kabla ya kupandisha bei ya hisa.

Mzunguko wa pili

Kikundi kimevunjwa kihesabu, na anayetaka kuondoka anaondoka bila maneno. Fungueni upya kwa kura mpya, hata kama mnapenda viongozi mlionao. Bei ya hisa ikipendekezwa kupanda, pigeni kura kwa kokoto ili yule mwenye kipato kidogo aseme hapana bila kuonekana. Katibu wa zamani akae kando ya katibu mpya kwa mikutano minne, mikono mapajani, asiguse mhuri. Mkutano wa tano ahamie kwenye namba yake, kwenye nusu duara, pamoja na wengine.